Itakayobaki Itahifadhiwa

24 Novemba
Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo Uyole, kuanzia saa nane mchana mpaka karibu saa kumi na moja. Nimefungua daftari hili. Lilikuwa la Verediana, mke wangu. Alilinunua kwa ajili ya kikundi cha akina mama kanisani, akaandika kurasa mbili tu: majina ya watakaoleta maharage na majina ya watakaoleta kuni. Mbele ya jina lake aliandika "vyote viwili". Sikutaka kuzichana kurasa hizo. Nimeanzia ya tatu.

Alifariki mwezi wa nne, kwao Kihesa, Iringa, alipokwenda kumsaidia mama yake kupalilia. Presha. Asubuhi alilalamika kichwa, mchana hakuwepo. Mama yake aliomba alale hukohuko, nikakubali. Hatukujaliwa mtoto. Mwezi wa nane niliacha useremala kwa sababu ya kiuno, nikapata kazi kwenye kituo cha utafiti hapa Mbeya mjini, ya kutunza matangi ya baridi. Nina miaka hamsini na saba. Sijawahi kuandika kila siku na sidhani kama nitaweza.

25 Novemba
Mvua. Nimepima matangi.

28 Novemba
Niandike kazi yangu ilivyo, maana watu wakiniuliza huwa nashindwa kueleza. Kuna matangi mawili, yananifika kifuani. Ndani yake kuna naitrojeni, ambayo ni hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Ukiimwaga sakafuni inakimbia kwa matone, kisha haipo. Humo vimepangwa visanduku, na ndani ya visanduku vichupa vya damu za watu. Kila kichupa kina namba. Hakuna majina. Kazi yangu ni kuhakikisha maji yale hayapungui, maana yakiisha kila kitu kinaharibika.

Kifaa cha kupimia kilivunjika kabla sijaja. Nikatengeneza changu kwa mbao ya paina, nikachora mistari kwa penseli ya useremala. Unautumbukiza ubao, unahesabu mpaka ishirini, unautoa, unaupunga hewani. Ukungu mweupe unaganda pale maji yalipofika. Hapo unasoma.

Gwakisa, mtaalamu wa maabara, Mnyakyusa wa Tukuyu, anapenda kuutazama ubao huo.

"Mzee wa Barafu," akasema leo, "sasa nimeelewa kwa nini walikuajiri. Njombe mnazaliwa ndani ya friji."

"Na nyinyi Tukuyu mnazaliwa ndani ya ndoo," nikamwambia. "Kwenu mvua inakatika lini?"

"Ikikatika tunaita mkutano."

2 Desemba
Ukungu mpaka saa nne. Matangi mazuri.

9 Desemba
Daktari Ruwaida amekuja kukaa kwenye chumba cha matangi. Ndiye mkuu wa utafiti wetu. Aliipindua ndoo akaikalia, akavua miwani, akabonyeza macho kwa vidole. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini. Nilinunua kwake kitambaa cha gauni la harusi la Verediana, na mzee yule akaongeza nusu yadi bila kuombwa. Sijawahi kumwambia Daktari hilo. Naona kama nitakuwa nadai kitu.

"Mzee Anord, ya kumi na nane nayo imekufa," akasema.

Alimaanisha dawa. Anatafuta dawa ya kifua kikuu ya namna nyingine: badala ya kuua wadudu yenyewe, iziamshe chembe nyeupe za damu ziwaue. Wenzake wa nje wanatengeneza, wanamletea kichupa kidogo, yeye anajaribu. Ameshajaribu kumi na nane.

"Pole, Daktari. Ya kumi na tisa?"

"Inakuja Januari. Haikai sana. Mwisho wa Aprili itakuwa imepoteza nguvu." Akavaa miwani. "Hapa ndani pana utulivu. Usimwambie mtu."

16 Desemba
Lori la naitrojeni halijafika. Limekwama Kitonga, mlima umemeguka kwa mvua. Tangi la kwanza sentimita ishirini na mbili.

18 Desemba
Kumi na tano. Nimepima mara nne leo, kana kwamba kupima kunaongeza.

19 Desemba
Asubuhi tangi la kwanza lilikuwa na sentimita tisa. Daktari akaamua tuhamishe visanduku vyote kwenda tangi la pili, tujaze humo kidogo kilichobaki. Gwakisa alikuwa anasoma namba kwenye orodha, mimi nainua rafu kwa glovu nene, Daktari anapanga. Kila kisanduku kina sekunde chache tu nje. Tulifanya hivyo kuanzia saa mbili mpaka saa saba bila kukaa. Moshi mweupe unakupanda mpaka kidevuni, huoni miguu yako.

Kisanduku cha karibu na mwisho kilikuwa kimeganda kwenye rafu. Nilipokibandua mfuniko ukafunguka. Vilikuwamo vichupa viwili tu, kimoja kimenigeukia. M-0263.

Namba hiyo naijua. Imeandikwa kwenye kadi ya Verediana ya kushiriki utafiti, iliyomo ndani ya Biblia yetu kwenye Zaburi, kwa sababu alisema karatasi ya hospitali haipotei ukiiweka kwenye Zaburi.

"Mzee! Funga!" Gwakisa akapiga kelele.

Nikafunga. Nikampa Daktari. Akakishika kwa mikono miwili, tofauti na vingine. "Hiki kiweke chini kabisa," akasema, "pasipokauka hata tukikosa lori wiki nzima."

Nilifanya kazi iliyobaki. Lori likaingia saa kumi. Nikajaza matangi yote mawili. Sikumwambia mtu.

21 Desemba
Kichwa kizito. Nimepima matangi.

25 Desemba
Krismasi. Nilikwenda kanisani nikarudi. Jirani ameleta pilau. Nimekaa na kadi ya Verediana tangu mchana na sasa naandika lililotokea, kama lilivyotokea.

Miaka mitano iliyopita kaka yake Verediana, Aroni, aliugua kifua kikuu. Verediana alimleta kwetu Uyole, akamuuguza miezi saba, chumba kimoja, kabla na baada ya kuanza dawa. Mimi waliniweka karakanani, nilikuwa nalala kwenye maranda ya mbao. Aroni alipona. Verediana alipopimwa hakuwa ameambukizwa hata chembe. Wakampima tena, vilevile. Ndipo watu wa kituo wakaja nyumbani kumwomba damu.

Alikuja nesi Matilda, mama mpole, ambaye sasa amestaafu. Alisoma fomu yote kwa sauti, mbele na nyuma, lakini mvua ilikuwa inapiga bati na nusu yake hatukuisikia. Tulikuwa tunaitikia tu kwa vichwa. Alipofika kipengele cha saba mvua ikapungua: "Nakubali damu yangu itakayobaki ihifadhiwe."

Verediana akauliza, "Itakayobaki?"

"Itahifadhiwa, mama, usiwe na wasiwasi," Matilda akasema, kisha akatoka kibarazani kupokea simu.

Verediana akanigeukia. Lazima nieleze kwamba mke wangu hata kucha alikuwa anazifunga kwenye karatasi na kuzifukia chini ya migomba. Nywele vilevile. Hakuwa mtu wa waganga, alikuwa mtu wa kanisa. Alisema tu kwamba kitu kilichotoka mwilini hakizururi. Akaninong'oneza, "Ndiyo kusema wanaizika?"

Nikamjibu, "Ndiyo, wanaizika. Si umesikia? Kama marehemu anavyohifadhiwa."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Na kwa sababu nilipenda kuonekana najua. Akatabasamu, akaweka sahihi. Mimi nikasaini chini yake: shahidi.

27 Desemba
Jua kidogo. Nimeanika blanketi lake.

8 Januari
Nimemuuliza Gwakisa, kama mtu anayepitisha muda, vile vichupa vina nini hasa. Damu iliyokufa?

"Iliyokufa ya nini? Zimelala, Mzee. Unazipasha kwenye maji ya uvuguvugu, zinaamka. Hata ziwe na miaka kumi."

"Na mwenyewe akiwa amekufa?"

"Zenyewe hazina habari."

14 Januari
Dawa ya kumi na tisa imefika. Wanaiita Kumi na Tisa tu. Kichupa chake kinaingia kwenye kiganja na nafasi inabaki.

15 Januari
Daktari amekalia tena ndoo. Safari hii alikuwa na furaha, naye akifurahi anaongea haraka.

"Unakikumbuka kile kisanduku ulichokibandua? Yule ni Mkaidi wangu."

"Mkaidi?"

"Ndivyo tunavyomwita. Sijui ni nani, namba tu. Mwanamke, ndilo ninalolijua. Watu wengi mdudu wa kifua kikuu akiingia kwenye chembe zao anajenga nyumba humo, anakaa. Za huyu mama hazimpi hata kiti. Zinammeza na kummaliza kimyakimya. Sasa nataka kuona kama Kumi na Tisa inaweza kuzifanya chembe za watu wa kawaida ziwe kama zake. Lakini ili nijue kama zimekuwa kama zake, lazima zake ziwepo pembeni, siku hiyohiyo."

"Kama ubao ulionyooka," nikasema. "Unauweka pembeni ya ule unaoupiga randa. Bila huo hujui huu umepinda kiasi gani."

Akanitazama. "Hivyohivyo. Na nimebakiwa na vichupa viwili vya huo ubao."

Mkaidi. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikataa kuondoka dukani kwa mtu mpaka abadilishiwe sufuria iliyotoboka, akakaa pale tangu asubuhi mpaka wanafunga. Nilitaka kucheka, nikainama kuifunga kamba ya kiatu.

23 Januari
Mvua siku ya nne. Viazi vinaoza sokoni Uyole, madereva wanalala barabarani. Nimeamua kumwambia Daktari Jumatatu.

26 Januari
Jumatatu. Sikumwambia.

2 Februari
Sikumwambia.

9 Februari
Leo wameyeyusha kichupa kimoja.

Daktari aliniomba mimi nikitoe, kwa kuwa nina mkono usiotetemeka. Kweli haukutetemeka. Nilikitoa, nikakiweka kwenye kikasha cha barafu, nikakibeba hatua ishirini na sita mpaka maabara. Nilikuwa na nafasi ya kusema hatua zote ishirini na sita. Gwakisa akakishika ndani ya maji ya uvuguvugu, akikizungusha mpaka kikabaki kibarafu kama punje ya dengu. Kisha akachukua tone, akalitia rangi ya bluu, akalitazama kwa hadubini akihesabu kwa kidude cha kubofya.

"Walio hai unawajuaje?" nikauliza.

"Mfu anaikubali rangi, anakuwa bluu. Aliye hai anaikataa." Akaendelea kubofya. "Huyu mama! Tisa kwa kumi wamekataa."

Nikarudi kwenye matangi.

13 Februari
Kumi na Tisa imefanya kazi. Daktari alipita koridoni ameshika karatasi, kisha akaniletea chai mwenyewe. Gwakisa ndiye aliyenieleza: chembe za watu wa kawaida zilizopewa dawa zimewaua wadudu karibu sawa na za Mkaidi. Karibu sawa! Lakini lazima irudiwe. Kitu kikitokea mara moja hakuna atakayekiamini, hata wao hawajiamini. Watarudia mwezi wa tatu kwa kichupa cha mwisho. Kikitumika hicho, hakuna tena.

20 Februari
Nimefukia kucha zangu chini ya migomba. Sijawahi kufanya hivyo maishani.

2 Machi
Nimesema.

Walikuwa ofisini wote wawili, wanapanga siku ya kurudia. Nilibisha hodi nikaweka kadi mezani. Daktari akaisoma namba, akasoma jina, akatazama jina langu kwenye beji.

"Mzee Anord. Huyu ni nani?"

"Ni mke wangu, Daktari. Alifariki mwaka jana."

Gwakisa akavua kofia. Daktari akasimama kunipa pole, nikamwomba akae kwanza, sijamaliza. Nikaeleza mvua, fomu, kipengele cha saba, na nilichomwambia Verediana. Kwamba alikubali damu yake izikwe. Kwamba mimi ndiye niliyemdanganya bila kujua, nikasaini, na kwamba nimelijua tangu Desemba na kichupa cha kwanza nikakibeba kwa mikono yangu.

Daktari akaigeuza kadi mezani. "Lakini Mzee, kuhifadhi ni kuhifadhi. Ni kutunza."

"Daktari, kwenye matangazo ya vifo redioni, wanasema mwili utahifadhiwa wapi?"

Gwakisa ndiye aliyejibu, polepole: "Makaburini."

Daktari akafungua kabati, akatoa fomu tupu, akasoma kipengele cha saba mara mbili, midomo ikicheza. "Tuliikalia hii fomu watu sita," akasema. "Miezi minne. Tukabishana mpaka juu ya nukta." Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kunigombeza lakini iliniuma zaidi, "Miaka minne ya kazi, Mzee Anord. Ungeniambia Desemba."

"Ndiyo."

"Ungeniambia asubuhi ile ya Februari, mlangoni."

"Ndiyo, Daktari."

Akamwambia Gwakisa afute ile siku ubaoni. Hakigusiki kichupa mpaka kamati ya maadili iseme.

3 Machi
Nilidhani wangenifukuza. Nimepima matangi. Hakuna aliyekuja kukalia ndoo.

11 Machi
Kamati imejibu: uamuzi ni wa familia. Nikasema familia ni mimi. Daktari akatikisa kichwa. "Wewe ndiye shahidi. Ana mama?" Ana mama.

15 Machi, Kihesa
Nimefika jana na mvua yangu. Mama Faustina, mama mkwe wangu, alikuwa anapura maharage barazani. Nikamwamkia "Kamwene", akaitikia bila kuacha fimbo, kisha akanipa fimbo ya pili. Tukapura mpaka gunia likajaa. Ndipo akasema, "Haya, mkwe. Hukuja kupura."

Nikaeleza. Aroni alikuwepo, amenenepa, ana mtoto wa pili. Mama alisikiliza huku akichagua mawe kwenye maharage.

"Iko wapi?"

"Kwenye baridi, Mama. Mbeya."

"Baridi kama ya Mufindi?"

"Kuzidi. Kuzidi mno."

"Na ni nzima."

"Wanasema iko hai."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Mwanangu nimemzika mimi. Nimetupa udongo. Leo unaniambia nimezika pungufu."

Aroni akasema, "Mama, waache waitumie. Mimi ndiye niliyemkoholea usoni miezi saba. Kama damu yake inajua njia, waache waitazame hiyo njia. Kuna watu wanakohoa leo."

"Wewe nyamaza. Wewe ulipewa yako."

"Ndiyo maana nasema!" Aroni akasema.

"Shemeji," Aroni akanigeukia, "wewe unataka nini?"

Nikasema sijui. Ni kweli. Nataka kumtimizia Verediana nilichomwambia, na nataka Kumi na Tisa irudie.

Mama akasema atajibu akimaliza maharage. Nikamweleza kwamba dawa haikai, mwisho wake ni Aprili. "Na mimi siwezi kuharakishwa na chupa," akasema.

22 Machi
Hakuna simu.

29 Machi
Hakuna simu. Tangi la kwanza 40, la pili 37. Daktari ananisalimia vizuri, haniulizi. Hilo ndilo gumu. Leo nilimwona amelala kwa dakika chache juu ya karatasi, kalamu mkononi.

6 Aprili
Mvua kubwa, ukuta wa choo cha jirani umeanguka. Hakuna simu.

11 Aprili
Mwaka mmoja leo. Nilipika maharage ya Mama. Nilisahau chumvi. Verediana hakuwahi kusahau.

17 Aprili
Aroni amepiga: "Mama yuko kwenye basi. Hakuniaga mpaka alipokwishakaa."

18 Aprili
Mama alikuja kituoni amevaa kitenge kipya, akampa Daktari mfuko wa maharage. Daktari alimpokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtoto wa kike wa huku, akasema, "Shikamoo, Mama. Nisamehe. Neno lile niliandika mimi."

"Marahaba. Neno uliandika wewe, kulielewa vibaya akaelewa huyu, kulipa nilipe mimi," Mama akasema. Kisha akaeleza alichokuja nacho. Waifungue. Yeye amwone. Wafanye kazi yao. Na kitakachobaki, hata kama ni tone, arudi nacho nyumbani kikazikwe.

"Kitabidi kwanza kipite kwenye mashine ya mvuke," Daktari akasema, "ili kiwe salama kubebwa."

"Hata sisi tuliuosha mwili."

Nikakitoa kichupa. Hatua ishirini na sita. Mama alivalishwa koti jeupe lililomfika miguuni. Gwakisa akaandaa tone kwenye kioo, akamkalisha kwenye hadubini. Mama akafumba jicho lisilo lenyewe. Akarekebishwa. Akafumba yote mawili. Gwakisa akamwambia, "Bibi, usilibane, chungulia tu kama unachungulia chungu." Akachungulia.

"Naona mchele," akasema.

"Ndiyo wenyewe. Unang'aa?"

"Unang'aa. Kuna michache ya bluu."

"Hiyo imekufa. Inayong'aa ndiyo iliyo hai. Rangi imeikataa."

Mama hakuondoa jicho. "Huyu ndiye," akasema. "Hata nguo ya bluu hakuwahi kuvaa." Aliendelea kutazama mpaka Gwakisa akasema chembe zitachoka, waanze kazi. Akainuka mwenyewe. Mimi sikuomba kutazama. Nilikuwa nimeshika mkoba wake.

23 Aprili
Haikurudia.

Chembe za Mkaidi zimewaua wadudu kama zinavyofanya siku zote. Za watu wa kawaida zilizopewa Kumi na Tisa hazikufanya lolote, ni kama zimepewa maji. Gwakisa akasema, "Labda dawa imechoka. Imekaa." Kisha akaniona mlangoni akaangalia sakafu.

Labda dawa haifai na mara ya kwanza ilikuwa bahati. Labda inafaa, na nguvu yake iliisha katika zile wiki ambazo Mama alikuwa anapura maharage na mimi nasubiri simu. Hakuna anayejua. Ningesema Desemba, tungejua.

Nilikwenda kumwambia Daktari hivyo. Alikuwa amekalia ndoo kwenye chumba changu.

"Nimewaandikia watengeneze tena," akasema. "Itachukua mwaka. Na nitafute ubao mwingine ulionyooka."

"Watu kama yeye wapo?"

"Wachache. Wapo." Akavua miwani. "Baba yangu alikuwa akipima kitambaa, akimaliza anaongeza kidogo. Nilikuwa namwuliza, baba, kwa nini? Anasema, mkono ukikosea, ukosee upande wa mteja."

Ndipo nikamwambia habari ya nusu yadi ya gauni la Verediana. Alifunika uso. Nadhani alikuwa anacheka, lakini sikuwa na hakika, nikaendelea kupima tangi.

4 Mei
Daktari ameniomba niandike upya kipengele cha saba. Nilimwambia nimeishia darasa la saba, akasema inalingana. Nimeandika hivi: "Damu itakayobaki tutaigandisha kwenye baridi kali. Haitaoza. Tutaifanyia kazi hata baada ya wewe kufa. Hatutaizika. Unakubali?"

"Mzee, utawafukuza watu wote," Gwakisa akasema.

"Iache," Daktari akasema.

8 Mei
Mtu wa kwanza kusomewa ni mama anayeuza viazi Uyole, ambaye mumewe anaumwa kifua na yeye haumwi. Daktari alisoma mwenyewe, polepole. Mama yule akafikiri, akasema, "Hiyo ya saba, hapana." Daktari akaandika hapana, akamshukuru, akanunua viazi. Kwenye gari aliviweka mapajani mpaka tulipofika mjini.

17 Mei, Kihesa
Mvua imeisha, njia ni kavu. Nilikuja na kichupa, kimepita kwenye mvuke na ndani yake kuna maji meupe kidogo yasiyofika nusu. Nilikuwa nimetengeneza kisanduku cha mbao ya mkangazi, urefu wa kidole cha kati, nikaunga pembe bila msumari. Kiuno kinauma lakini mikono bado inakumbuka.

Tulikuwa watatu. Aroni alichimba kando ya msalaba, shimo la kina cha kiwiko. Niliweka kisanduku. Mama akatupa udongo, akanipa zamu, tukafukia, Aroni akakanyaga kidogo akajutia, akapiga kwa kiganja.

Nikainama nikasema kwa sauti ya chini, "Vere, imehifadhiwa."

"Umesema nini?" Mama akauliza.

"Nimemwambia imehifadhiwa."

"Sema imezikwa," akasema Mama, akijipangusa udongo magotini. "Hilo neno lako limetusumbua vya kutosha."

Nikainama tena. Nikasema imezikwa.